Kupaka rangi visanamu sebuleni baada ya kazi: mwongozo kamili kwa mtu wa ofisini

Mimi ni mhasibu. Kwenye karatasi siku yangu ya kazi inaanza saa 1:30 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri, ila kila aliyewahi kukaa ofisini anajua kuwa saa ya kwenye karatasi na saa ya kufunga droo hazifanani. Nikishuka kwenye daladala Uyole, macho yamechoshwa na tarakimu, shingo imekaza, na mwili unataka kochi na televisheni tu. Sijawahi kuulaumu mwili kwa hilo. Nilichofanya, miaka minne iliyopita, ni kuweka pembeni ya kochi meza ndogo, taa moja, brashi 3 na kisanamu kimoja cha kupaka rangi.

Mwongozo huu ni wa mtu kama mimi: anatoka kazini jioni, ana sebule moja yenye televisheni moja, na anataka kujifunza kupaka rangi visanamu bila kujifungia chumbani wakati wenzake wamekaa pamoja. Nitapita kila hatua nikitumia kisanamu kimoja, mama muuza ndizi wa Kiwira mwenye urefu wa milimita 54, maana ndiye aliyenifundisha mengi. Kabla ya yote, shika jambo hili: kazi hii ina sehemu za mkono na sehemu za jicho. Za mkono zinakwenda na televisheni. Za jicho zinasubiri televisheni izimwe. Wengi walioniambia wamejaribu wakashindwa walikuwa wanapaka macho ya kisanamu huku tamthilia imefika patamu.

Kupata kisanamu chenyewe

Hapa Mbeya sijaona duka linalouza visanamu vya kupaka. Kilichopo ni pakiti za midoli midogo ya plastiki, wanyama na watu, utakazozikuta Mwanjelwa zikiwa zimechanganyika na vifaa vya sherehe za watoto. Zinatosha. Cha kwanza kiwe mnyama, ng'ombe au tembo, kwa sababu mwili wa mnyama unasamehe makosa na uso wa mtu hausamehi. Ukishapaka wanyama wawili au watatu, ndipo uende kwa binadamu.

Ukisoma maelezo ya wapakaji wa nchi nyingine utakutana na vipimo vya aina mbili. Kuna milimita, yaani urefu wa mtu aliyesimama, na kuna uwiano. Kwa uwiano wa 1/72, mtu wa sentimita 175 anakuwa na milimita 24 hivi. Kwa 1/35 anakuwa na milimita 50. Visanamu vya michezo ya vita ya mezani, kama vile vya Warhammer kutoka Uingereza, viko karibu na milimita 28. Kipimo cha milimita 54 ni cha zamani zaidi. Kilienezwa na kampuni ya William Britain ya London, ambayo mwaka 1893 ilianza kumimina askari wa madini walio wazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Ushauri wangu ni kuanza na hicho cha 54. Uso wake una upana wa kutosha kuweka paji, shavu na mdomo bila kutumia lenzi.

Mama wangu wa ndizi alizaliwa kutokana na mdoli wa plastiki aliyekuwa amevaa suruali. Nilimfunika kiunoni hadi miguuni kwa epoksi ya kukanda, ile wanayotumia mafundi bomba kuziba mabomba yanayovuja. Inakuja vipande viwili. Unakata kiasi sawa cha kila kimoja, unakanda mpaka rangi iwe moja, kisha una muda mfupi wa kuifinyanga kabla haijaanza kukauka. Vaa glavu nyepesi au mfuko wa nailoni mkononi, maana epoksi mbichi inaweza kuwasha ngozi. Chovya kijiti cha meno kwenye maji ili isinate, kisha chora mikunjo ya nguo. Kwa baridi ya Juni hapa kwetu usitegemee saa zilizoandikwa kwenye pakiti. Acha usiku kucha.

Ungo wake wa kichwani ni kifungo cha koti chenye upana wa milimita 18. Kwa kipimo hicho ni kama sentimita 55 za kweli, ambao ndio ukubwa wa ungo. Zoea kupiga hesabu hiyo kila unapookota kitu cha kutumia: gawa urefu wa mtu wa kweli kwa urefu wa kisanamu chako, upate namba yako, hapa ni 30 hivi, kisha zidisha. Bila hesabu hiyo utampa mama wa watu beseni lenye upana wa mlango.

Vifaa, na wapi pa kutumia hela

Hela yako itumie kwenye brashi moja nzuri, namba 1, yenye ncha inayokusanyika ukiilowesha. Watu wengi hukimbilia brashi nyembamba kuliko zote dukani, nao hukosea, kwa sababu brashi nyembamba sana haibebi rangi, inakauka kabla haijafika kwenye kisanamu. Kinachochora mstari mwembamba ni ncha, hata tumbo la brashi likiwa nene. Brashi nyingine mbili ziwe za bei yoyote: moja pana ya kupaka maeneo makubwa, na moja kuukuu iliyopukutika kwa ajili ya kupaka kavu, ambayo nitaieleza.

Rangi ziwe za akriliki, zile za tyubu zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule na ofisi. Angalia neno hilo kwenye tyubu. Rangi za posta za wanafunzi zinafanana nazo, lakini zikikauka zinayeyuka tena ukizigusa na maji, hivyo tabaka la pili linalivuruga la kwanza. Akriliki ikikauka imekauka. Nunua nyeusi, nyeupe, nyekundu, njano, bluu na kahawia. Kijani utachanganya mwenyewe, nacho kitakuwa kizuri kuliko cha dukani.

Paleti itengeneze. Chukua kontena bapa la chakula lenye mfuniko, tandika ndani tishu zilizolowa maji, juu yake weka karatasi ya kuokea keki. Rangi inakaa juu ya karatasi na kunyonya unyevu kutoka chini, kwa hiyo inadumu mbichi jioni nzima, na ukifunga mfuniko unaweza kuikuta kesho yake. Mwezi wa Septemba na Oktoba, upepo unapovuma kavu na vumbi limejaa, bila paleti ya namna hii rangi inaganda ukiwa bado unatafuta brashi.

Kisanamu kigandishe kwa gundi kidogo juu ya kizibo cha chupa ili ushike kizibo, usimshike mama mwenyewe. Mafuta ya vidole yanazuia rangi kushika.

Taa ni ya lazima kuliko nilivyodhani mwanzoni. Mwanga wa televisheni unabadilika kila sekunde na mara nyingi una ubluu, kwa hiyo kahawia uliyoipenda usiku asubuhi inageuka kuwa kitu kingine. Weka taa ya LED nyeupe, ya kuchaji ikiwezekana kwa sababu ya umeme kukatika, upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia, sentimita 30 hivi kutoka kwenye kazi. Usichague rangi kwa mwanga wa kioo cha televisheni hata siku moja.

Maji ya kusuuzia yakae kulia, chai yako kushoto, na brashi usiilambe ili kuinyoosha ncha. Tumia kitambaa.

Jioni zako zilivyo, na kinachofaa kila jioni

Chukua kalenda ya ofisi yako uiangalie kwa ukweli. Mimi najua kuwa siku tatu za mwisho wa mwezi ni za kufunga hesabu, na kwamba mwezi Juni mzima haumo mikononi mwangu, kwani mwaka wa fedha unaisha tarehe 30. Siku hizo sipangi kazi ya jicho. Nafanya kidogo cha mkono au sipaki kabisa, na sijisikii vibaya. Jumatatu pia macho yangu yanakuwa yamechoka kuliko mikono. Kazi ngumu naiwekea Ijumaa usiku na Jumapili alasiri.

Sasa vipindi. Taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku inasikilizwa, kwa hiyo inafaa kwa kupaka maeneo mapana: nguo, mwili wa ng'ombe, ardhi. Tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili, za Kituruki au za Kichina, ni rafiki mkubwa kuliko zote, maana unafuata hadithi kwa sikio na kuinua uso pale tu sauti inapobadilika. Tamthilia yenye maandishi chini ya picha haifai hata kidogo. Utakosa hadithi na utaharibu kisanamu. Mpira una sheria yake. Mechi ya kawaida ya ligi nakwangua plastiki, napiga msasa, nachuja mchanga. Siku ya Simba na Yanga sishiki kitu chenye rangi. Nilishika mara moja, goli likaingia, mstari mweusi ukapita kutoka sikioni hadi kidevuni kwa bibi kizee niliyemfanyia kazi wiki mbili.

Matangazo yakianza, weka brashi chini. Kuna kanuni inayofahamika kwa watu wa kompyuta: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Matangazo yanakukumbusha yenyewe. Simama, nyoosha mgongo, fungua pazia uangalie taa za jirani. Mtu aliyekaa saa nane mbele ya kompyuta kisha akainamia kisanamu saa mbili bila kuinuka atapata maumivu ya shingo, halafu atasema ufundi huu unaumiza. Inua kazi ije usawa wa kifua chako: pandisha meza juu ya matofali, au egemeza viwiko kwenye mto.

Mwisho wangu ni saa 4:00 usiku. Kesho kuna kazi.

Kuandaa na kupaka rangi ya msingi

Midoli ya kiwandani ina mstari mwembamba ulioinuka pale kalibu zilipokutana. Ukwangue kwa wembe ulioegemezwa karibu ulale, kisha pitisha msasa laini. Usipouondoa, rangi itauonyesha zaidi. Osha kisanamu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ukitumia mswaki wa zamani, maana plastiki inatoka kiwandani na mafuta, halafu kikauke usiku mzima.

Rangi ya msingi, ambayo mafundi wa gereji wanaiita praima, ndiyo inayoshikamana na plastiki na kuzipa rangi nyingine mahali pa kukaa. Sprei ya kijivu ya magari inafanya kazi kwenye plastiki ngumu. Kwenye plastiki laini, ile inayopinda ukiibonyeza, kuwa mwangalifu: baadhi ya sprei hazikauki juu yake, zinabaki zinanata miezi. Nina farasi mmoja ambaye mpaka leo anashika vumbi kama gundi. Jaribu kwanza chini ya unyayo, subiri siku mbili, gusa kwa kidole. Ikinata, achana na sprei upake akriliki nyeusi kwa brashi, tabaka mbili nyembamba.

Hali ya hewa yetu ina neno lake hapa. Sprei haipendi baridi wala unyevu. Ukipuliza asubuhi ya Julai yenye ukungu, au katikati ya mvua zetu zinazoanza Novemba hadi Aprili, rangi inatua kama unga na uso wote unakuwa wa chengachenga. Mimi napulizia nje, Jumamosi au Jumapili, kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri, siku ya jua. Mkebe uwe umekaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 10. Usiuweke jikoni wala karibu na moto, unaweza kulipuka. Funika pua na mdomo, simama upepo ukiwa mgongoni, shika mkebe umbali wa sentimita 25, na upitishe haraka haraka badala ya kulenga sehemu moja. Tabaka jembamba ambalo bado linaonyesha plastiki kidogo ni bora kuliko nene lililoziba pua na vidole.

Kwa sababu Juni inakuja na baridi pamoja na hesabu za mwaka, mimi visanamu vyangu vyote vya katikati ya mwaka napuliza praima mwezi Mei.

Rangi za kwanza

Changanya rangi na maji mpaka iwe kama maziwa mabichi. Ukiipitisha kwenye paleti iache mkondo laini usio na alama za nywele za brashi. Tabaka la kwanza litakuchukiza: litakuwa na mabaka, praima inaonekana. Liache likauke, paka la pili. Kwa nyekundu na njano, ambazo hazifuniki vizuri, weka la tatu. Tabaka tatu nyembamba zinaacha mikunjo ya nguo na mistari ya nywele ikionekana. Tabaka moja nene linaifukia, na hakuna namna ya kuifukua tena.

Kazi hii yote ni ya mkono. Ikienda kwenye kochi, televisheni ikiwa imewashwa na watoto wanagombania mto, hakuna tatizo.

Kisha kivuli cha majimaji: chukua kahawia na tone la nyeusi, ongeza maji mara nane au tisa, na tone dogo la sabuni ya vyombo ili yasijikusanye kama umande. Paka kisanamu kizima isipokuwa uso. Maji yatakimbilia kwenye mabonde ya nguo na kuacha migongo safi. Yakituama sana mahali, yanyonye kwa brashi kavu. Yakishakauka, chukua ile brashi kuukuu, chovya kidogo kwenye rangi iliyo hafifu kuliko ya chini, ifute kwenye karatasi mpaka ibaki kama haina kitu, halafu ipitishe haraka juu ya mikunjo. Huko ndiko kupaka kavu. Rangi inashika migongo tu. Nywele, mawe, magome na manyoya ya mbuzi vinatoka vizuri kwa namna hii. Kwenye ngozi ya binadamu usiitumie, inaacha unga.

Ngozi yetu

Hapa ningependa utulie, maana maelekezo mengi yanayozunguka yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Ukiyafuata kwa mtu mweusi, ukaongeza nyeupe kwenye kahawia ili kupata mwanga, utapata mtu aliyepakwa majivu. Visanamu vyangu vitatu vya kwanza vilikuwa hivyo, na sikujua kwa nini mpaka nilipoweka mkono wangu mwenyewe chini ya taa na kuuangalia kama sijawahi kuuona.

Fanya hivyo sasa. Utaona kuwa penye kivuli ngozi haielekei kwenye nyeusi, inaelekea kwenye zambarau au bluu nzito. Penye mwanga inaelekea kwenye chungwa na udongo mwekundu. Na pale mwanga unapopiga moja kwa moja, juu ya kifundo cha kidole, kuna kimeremeto kidogo chenye ukingo mkali, maana ngozi nyeusi inaonyesha mng'ao waziwazi kuliko nyeupe. Kiganja ni cha rangi nyingine kabisa.

Kwa hiyo: rangi ya kwanza ni kahawia yenye nyekundu kidogo na njano kidogo zaidi. Watu hawafanani, kwa hiyo badilisha vipimo kwa kila kisanamu. Hata ndani ya familia moja ya Rungwe utakuta weusi wa kila namna. Kivuli, chini ya kidevu, macho yalipozama, kati ya vidole, ongeza bluu na tone la nyekundu. Kwa mwanga, ongeza chungwa (nyekundu na njano zikichanganywa) kwenye rangi ya kwanza, upake paji, mgongo wa pua, mashavu na bega. Rudia kwa chungwa zaidi, eneo dogo zaidi. Mwisho kabisa chukua tone la njano iliyochanganywa na nyeupe kidogo mno, na kwa ncha ya brashi gusa mara moja kwenye paji, mara moja kwenye pua, mara moja kwenye kila shavu. Mdomo wa chini uwe na wekundu wa zambarau. Viganja na kucha ziwe hafifu.

Yote hayo ni kazi ya jicho. Televisheni izimwe, au iwekwe redio.

Kitenge na ndizi

Ofisini kwetu Ijumaa ni siku ya vitenge, na pale ndipo ninapokusanya nakshi za nguo. Nina daftari dogo la mfukoni. Siku moja nilimwambia dada wa masjala, "Dada, samahani, naomba nikiangalie kitenge chako." Akageuka, akauliza, "Unataka kushona kama hiki?" Nikamwambia nataka kukipaka, nikamwonyesha kidole kuonyesha ukubwa. Tangu siku hiyo akivaa kipya anapita mezani kwangu kwanza.

Usijaribu kunakili kila ua. Kwenye nguo yenye urefu wa milimita 25, ua la kweli lenye upana wa sentimita 15 linakuwa na milimita 5, na ndani yake nafasi ni ya alama tatu tu. Paka nguo nzima rangi ya chini, na kivuli chake. Weka madoa makubwa ya rangi ya pili, ukiyapanga kwa mshazari na kuyaacha yakatike pale nguo inapokunjwa. Kukatika huko ndiko kunakolidanganya jicho likaona kitambaa. Ndani ya kila doa weka nukta ya rangi ya tatu. Kisha chora mstari mwembamba mweusi upande mmoja tu wa madoa. Mwisho pitisha kivuli cha majimaji ndani ya mikunjo tena, ili ua lililo bondeni liwe na giza kuliko la mgongoni. Ukiruka hatua hii ya mwisho maua yataonekana kama yamebandikwa.

Mama mkwe wangu alikuja kutoka Tukuyu nikiwa nimefika hapo. Nilimwamkia, akakaa, akakichukua kisanamu kwa kizibo chake, akakizungusha kwenye taa kwa muda mrefu. "Mwanangu," akasema, "huyu hajabeba kitu." Nikamwuliza kwa nini, mama, na ungo uko kichwani. Akasimama, akaweka mto wa kochi kichwani, akatembea mpaka jikoni na kurudi. Shingo yake ilikuwa imenyooka, mabega yameshuka, mkono mmoja umeinuliwa bila kukaza, na kitenge alikuwa amekifunga juu, karibu na kifua, kwa fundo la pembeni, ili miguu iwe huru. Wa kwangu alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesoma, na kitenge kimefungwa kiunoni. Nilikata shingo kwa wembe, nikaigandisha upya imenyooka, nikaongeza epoksi kifuani. "Ndaga fijo, mama," nikamshukuru kwa Kinyakyusa. Kwa hiyo kabla hujapaka rangi yoyote, tafuta mtu anayefanya kile ambacho kisanamu chako kinafanya, umtazame akikifanya. Ukienda Kiwira, stendi inatosha kukufundisha nusu saa nzima.

Ndizi nilizitengeneza kwa vipande vya epoksi vilivyosokotwa kama tambi na kukatwa. Usizipake njano tupu. Paka kijani chenye njano, kisha njano juu ya migongo, kisha nukta za kahawia kwenye ncha zote mbili. Chache ziache kijani kabisa.

Macho

Mama wa ndizi alikaa bila macho kwa siku tisa, kwa sababu ilikuwa mwisho wa mwezi. Mwanangu mdogo aliniuliza kila jioni, "Mama, huyu anaonaje njia?" Nikamjibu atayapata Ijumaa, televisheni ikizimwa.

Paka tundu la jicho kahawia nzito. Ndani yake weka mstari mfupi wa nyeupe iliyochafuliwa kwa kahawia. Nyeupe tupu inamfanya mtu aonekane ameogopa. Kisha nukta ya mboni, iguse ukope wa juu, isielee katikati. Paka kwanza jicho linalokuwia gumu, halafu la pili ulifananishe nalo. Egemeza viganja vyote viwili pamoja ili vitetemeke pamoja. Shusha pumzi nusu, gusa, ondoa. Ukikosea, rangi bado mbichi, ifute kwa brashi yenye maji. Kwa visanamu vya 1/72 sahau mboni. Mstari mmoja wa giza unatosha.

Kitako na vanishi

Kitako, yaani kibao ambacho kisanamu kinasimama juu yake, ni kazi ya furaha na ya mkono kabisa, iwekee tamthilia ndefu. Paka kipande cha mbao gundi nyeupe ya useremala, mwagia mchanga uliochujwa kwa chujio la chai, gonga, acha kikauke. Kwa majani makavu ya ardhini natumia majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa na kuanikwa siku nzima. Nchi ya Rungwe na Mufindi haina haja ya kununua mengine. Jiwe la volkano jepesi lenye matundu, lile la kusugulia miguu, ukilivunja kwa nyundo linatoa miamba midogo inayofanana na mikubwa ya kule lilikotoka. Paka kahawia nzito, kisha paka kavu kwa hafifu zaidi.

Vanishi inalinda rangi dhidi ya vidole na vumbi. Tafuta ya maji isiyong'aa. Ya mafuta inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo wengi wataipendekeza, ina vimumunyisho vinavyoweza kuyeyusha kazi yako yote kwa mpigo mmoja. Ibakie kwenye kucha. Ngoja siku nzima baada ya rangi ya mwisho, paka tabaka moja jembamba, kisha tone la vanishi inayong'aa kwenye kila jicho.

Brashi nzuri isafishe kila usiku, hata ukiwa umechoka: maji, kisha kipande cha sabuni ya mche kiganjani, izungushe mpaka povu litoke jeupe, nyoosha ncha kwa vidole, ilaze bapa. Usiisimamishe kwenye kikombe cha maji, ncha itapinda na haitanyooka.

Chini ya kitako andika tarehe kwa penseli. Mama wa ndizi ameandikwa 14 Agosti, na sasa anakaa ofisini juu ya kabati la mafaili, karibu na dirisha linalotazama mlima Loleza. Mezani nyumbani yupo dereva wa bajaji, ana praima tu, na hajapata shati.